Saini ya Pili

Karatasi ya kwanza Euphrasia hakuisoma, na nani angeisoma? Ilikuwa 2003, siku ya kuagwa kwake Dar es Salaam, na aliyeileta mezani ni shemeji yake Sebastian, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye angebaki kumlea binti yake Vumilia. Kusoma karatasi ya mtu kama huyo mbele ya macho yake ni kumwita mwizi. Akasaini, akawa mkurugenzi wa kiwanda cha mashati cha shemeji, akapanda ndege kwenda Langley Park, Marekani, kuogesha wazee wa watu.

Oktoba 2008 ikaja karatasi ya pili kwa posta. Safari hii woga ulimwingia, akampelekea Method, mhasibu wa Oxon Hill aliyekuwa akisali naye. Method akamfafanulia. Kiwanda kilikuwa ndani ya eneo huru la biashara: kodi kimesamehewa, na benki inakikopesha dola kwa riba ndogo kwa sababu eti kinauza nje. Basi Sebastian, mjanja yule, alifunika cherehani kwa turubai, dola akawakopesha wafanyabiashara waliokataliwa na benki, kwa riba mara tatu. Kiwanda jina tu; ndani ni benki ya uchochoroni. Sasa wadaiwa wamekwama, na benki inataka mdhamini.

"Ukisaini, deni lote ni lako, dada," Method alisema. "Ukikanyaga Dar wanaweza kukukamata uwanjani."

Na tiketi ya Desemba anayo mkobani, ya kwenda kumchukua Vumilia! Siku mbili alikwenda kazini na kurudi, karatasi ikiwa mkobani.

Asubuhi ya tatu, akiwa kituo cha basi, alimpigia shemeji, akamwambia kwa upole kwamba hatasaini. Sebastian hakugomba. Aliuliza habari za baridi, akauliza habari za kazi.

"Pasipoti ya mtoto ninayo mimi, shemeji," akasema. "Nimeitunza vizuri. Mwenyewe huyu hapa."

Akampa mtoto simu. Vumilia akaamkia, akauliza kama koti lake limeshanunuliwa. Euphrasia alishika nguzo ya kituo.

"Ukipanda ndege peke yako, mwanangu, utaweza?"

"Lakini mama, ulisema unakuja."

Basi lilifika, likaondoka bila yeye. Alikaa kwenye benchi, akaitoa karatasi, akaisoma yote, mstari kwa mstari. Kisha akatafuta kalamu.