Honora Tuohy Atafuta Kifungo

Honora Tuohy alipika vibaya kwa makusudi, na kazi hiyo ilimtoa jasho, maana kwao Limerick alianza kushika mwiko kabla hajafika urefu wa meza. Kuunguza paja la kondoo nje likawa mkaa, huku ndani bado linachuruzika damu, kunahitaji ufundi. Alilipeleka mezani, akasimama kando akingoja kupelekwa kwa hakimu.

Bibi Pettifer, mke wa muuza kamba na matanga mjini Hobart, katika koloni la wafungwa, alikata kipande, akatafuna kwa muda mrefu, akafumba macho. Akasema amemsamehe.

Ilikuwa mara ya kumi na moja.

Honora alivushwa bahari kwa hukumu ya miaka saba, kwa kuiba jora moja la kitani ambalo hata halikumfaa rangi. Nyumba ya kwanza aliyopangiwa utumishi, bwana wa nyumba alimpa mimba. Bwana akaendelea kuwa mzee wa kanisa. Honora akarudishwa gerezani kwa kosa la kuwa na tumbo. Gereza hilo la wanawake, lililokuwa likifua nguo za nusu ya mji, watu waliliita Kiwanda. Humo akamzaa Winifred. Mtoto alipotimiza miezi tisa aliachishwa ziwa kwa amri ya serikali, akabakizwa katika chumba cha watoto, mama akatolewa akamtumikie Bibi Pettifer.

Chumba hicho kilikuwa chini kabisa ya mlima, jua lilikipita kwa mbali kama mdaiwa. Kuta zilitoa maji. Watoto walikuwa wakiingia wengi na wakitoka wengi, ila si wote waliotoka wamebebwa na mama zao.

Habari alizipata kwa Keziah Blunt, mfungwa mwenzake aliyefua nguo nyumba ya pili. Keziah hakuwa amemwona mtoto. Alisikia tu kwa mwanamke aliyetoka juzi kwamba binti wa yule Tuohy anakohoa, na wiki hiyo wamezikwa wanne. Dawa ya jambo hilo kila mama aliijua: fanya kosa, ushtakiwe, urudishwe ndani. Utavunjika mgongo kwenye mapipa ya kufulia, lakini Jumapili baada ya sala utamshika mwanao.

"Shoga, mji huu mtu anafungwa kwa kupiga chafya," Keziah alimwambia juu ya ua. "Wewe unashindwaje?"

"Ananisamehe."

"Mtukane basi."

"Nimemtukana. Kaniombea."

Tatizo ni kwamba Bibi Pettifer alikuwa na mashindano. Kila Jumatano akina mama wa kanisa walikusanyika sebuleni kwake kunywa chai na kuhesabiana matendo mema. Mmoja alikuwa na yatima, mwingine kipofu. Yeye alikuwa na Honora, na kila sahani iliyovunjika ilimpandisha daraja. Kumrudisha Kiwandani kungekuwa sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa.

Ndipo Honora akakumbuka vishungi vya nywele za bandia.

Vilikuwa vinne, vyekundu, Bibi Pettifer alivibana pembeni mwa uso kila asubuhi, na mji mzima uliamini vimeota hapo. Kiwandani wanawake walinyolewa kwa adhabu, na kulikuwa na kinyozi mmoja aliyenunua nywele hizo na kuwauzia mabibi wa mji bila kuuliza zimetoka kichwani mwa nani. Jumatano iliyofuata Honora aliviiba chumbani. Bibi alipovikosa, alivaa kofia ya kulalia hadi masikioni na kuwaambia wageni ana kipandauso. Honora akaingia na sinia la chai, vishungi vyote vinne vikining'inia usoni pake.

"Karibuni chai, akina mama," alisema. "Na hili nalo bibi atanisamehe."

Mchungaji, aliyealikwa chai siku hiyo, alicheka kabla hajajizuia, chai ikamtoka puani. Bibi Pettifer akaagiza askari aitwe.

Kesho yake hakimu alisoma: miezi sita ya kufua Kiwandani, mkate na maji wiki ya kwanza, kichwa kinyolewe. Honora akatabasamu. Akasema, "Asante, mheshimiwa."

Hapo ndipo alipojimaliza. Hakimu huyo alikuwa amewahukumu wanawake miaka kumi na mitano. Walimlilia, walimlaani, mmoja alimgeuzia makalio. Kushukuriwa, hajawahi. Akaweka kalamu chini, akamuuliza karani kama huyu ana mtoto Kiwandani. Karani akafunua kitabu. Anaye.

"Basi apelekwe Launceston," hakimu alisema. "Huko nako mapipa yapo."

Launceston ni kaskazini, siku tatu kwa mkokoteni. Mahakama nzima ilicheka, hata askari. Honora alimgeukia Bibi Pettifer, akampigia magoti. Aliahidi kupika vizuri, aliahidi kusali, aliahidi vitu ambavyo hakuna mtu aliyemwomba. Bibi akifuta tu mashtaka, atabaki mjini. Hakimu alingoja.

Bibi Pettifer alikaza kamba za kofia chini ya kidevu.

"Nimeshakusamehe, Honora," alisema. "Nilikusamehe jana ileile."

Akavaa glavu zake, akatoka.

Walimnyoa uani, mvua ikinyesha. Mkokoteni ulipopita mtaa wa Bibi Pettifer, Keziah alitoka mbio na mikono yenye povu, akatembea sambamba na gurudumu. Alisema leo hii atavunja kioo kikubwa cha sebuleni kwa bwana wake, ambaye hana habari na kusamehe, na atakapoingia ndani atamtafuta mtoto. Akauliza mtoto anafananaje.

"Nywele nyekundu," Honora akasema. "Meno mawili ya chini."

Hayo yalikuwa meno ya miezi mitatu iliyopita.