Saa ya Ukutani ya Hajati

Sisi Wakenya tukifika Kampala tuna ugonjwa mmoja: tunajua. Hatujaulizwa, tumeshajibu. Nimekaa Kisugu miaka mingi sasa na ugonjwa wangu haujapona, ingawa mama mmoja wa Bwaise alinitibu kwa dawa kali.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha vijana wa upande wa Kyambogo kuchora bodi za umeme kwa kompyuta, yaani vile vibao vya kijani utakavyoviona ukifungua redio au rimoti. Kila mwanafunzi alikuja na mashine yake, na kila mashine na tabia zake. Windows ni mwenyeji mkarimu: unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, mwisho unakuta umekubali na mambo ambayo hukuyasoma. Ile yenye tofaa lililoumwa inataka kwanza kujua programu hii umeitoa wapi na fundi wake ni mtoto wa nani. Linux, ambayo ndiyo yangu, inadai nenosiri, kisha inakutuma ukalete kitu kingine, na hicho kitu nacho kinataka chenzake. Niliziweza zote, na kusema kweli nilikuwa najisifu kidogo. Basi, nilikuwa najisifu sana.

Mama huyo, Hajati, alikuwa na duka la kutengeneza redio Bwaise, karibu na mtaro mkubwa. Ni Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa na wakoloni kutoka Sudan, na marehemu mumewe alikuwa fundi wa redio za jeshi. Ndiye aliyemfundisha kulehemu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina tafadhali. Siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake kununua waya, alinitazama nilivyokuwa nachagua, akasema, "Wewe Mkenya. Mtu anachagua waya kama nyanya?"

Lakini huyu mama alikuwa amebuni kitu chake. Nyaya mbili zinashushwa mtaroni. Maji yakipanda yakazigusa zote mbili, kengele inalia ndani ya nyumba. Nyumba kadhaa za jirani zilikuwa nayo. Ukiisikia unabeba watoto, godoro na unga, unapanda kwa jirani mwenye nyumba ya juu, ndipo mafuriko yanafika. Kila bodi aliichora kwa mkono, kalamu ya wino mzito juu ya bati la shaba, halafu anaiosha kwa asidi. Mchoro wenyewe haukuwa popote isipokuwa kichwani mwake.

Na mkono ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Mistari inagusana," aliniambia siku moja, akinionyesha bodi tatu alizoziharibu. Hakuwa anatania. "Hii kitu haiwezi kufa na mkono yangu. Weka yeye ndani ya komputa mbele ya mvua."

Ningeweza kumchorea mimi. Hakutaka. Alitaka achore mwenyewe, kwa sababu, alisema, Mkenya angeongeza mambo yake. Sawa. Alikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani, yenye Windows, aliyoitumia kuchapishia watu picha za pasipoti. Printa yake haikutaka kusikia mfumo mwingine wowote. Programu ya kuchorea nayo, ukiiwasha juu ya ile Windows iliyochoka, unaweza kwenda kunywa chai na kurudi. Nikasema hakuna shida, nitakuwekea Linux pembeni ya Windows, mashine moja, mifumo miwili. Asubuhi picha, mchana mchoro.

Nilikuja na kila kitu kwenye flashi kwa maana duka halikuwa na intaneti. Nikaweka Linux, nikaweka programu, nikamwekea alama kubwakubwa kwa ajili ya macho yake. Nilizima hata zile nakala za akiba zinazojihifadhi zenyewe, eti diski yake ndogo isijae. Yeye alikuwa ameketi ananipitishia kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, na kunisema.

Kisha nikatoa somo. Mifumo hii miwili, nilimweleza, haielewani kuhusu saa. Ukitoka huku ukaingia kule, saa inaruka kwa masaa matatu. Ningeweza kuipatanisha kwa amri moja, lakini chai ilikuwa tayari na mimi nilikuwa nimeshasimama. "Ukiona imeruka, Hajati, itazame saa ya ukutani tu, uirekebishe."

"Saa ya ukuta," alisema. "Kale," yaani sawa, kwa Kiganda.

Sikuinua macho. Ukuta wa fundi huwa na saa tele, na kila moja ina wakati wake. Nani anahangaika nazo?

Alichora wiki mbili. Alishika mausi kwa mikono miwili, wa kushoto ukiukandamiza wa kulia usicheze. Alipotaka kubonyeza alishusha pumzi kwanza. Mstari ambao mwanafunzi wangu angeumaliza huku akijibu simu, yeye ulimchukua robo saa, na ulipokaa sawa alicheka peke yake. Mimi nilipita kila siku. Asubuhi nachukua faili kwa flashi, nalitazama kwenye laptopu yangu, narekebisha kidogo, namrudishia. Jioni vilevile. Na kwa vile mimi ni mjuaji, nilikuwa nimeandika kaprogramu ka kunifanyia kazi hiyo: kanalinganisha mafaili mawili, la flashi na la mashine yake, kwa saa yaliyohifadhiwa, kanabakiza lile jipya, la zamani kanalifuta. Nilijivunia kale kaprogramu. Niliwaonyesha watu.

Mpaka hapo mashine yake alikuwa haizimi, akichora tu, picha za pasipoti amezisimamisha. Siku ile mteja wa picha akaja asubuhi. Nilipoondoka tu baada ya kumrudishia faili, kama saa tano, akaingia Windows, akampiga mtu picha, akarudi Linux. Saa ikawa imeruka, nami sikuwepo. Akafanya nilivyomwagiza. Halafu akachora tangu adhuhuri mpaka saa kumi kile kipande cha mwisho, kigumu kuliko vyote, pale mistari yote inapokutana kwenye kengele. Nilipofika jioni alikuwa amesimama mlangoni amevaa ushungi mpya.

"Imeisha," alisema.

Nikachomeka flashi, nikaendesha kaprogramu kangu, nikafungua mchoro ili nimsifu. Kipande cha mwisho hakikuwepo.

Nilifungua tena. Nikatafuta kila mahali. Damu ilikuwa imenipanda, na nilipoona saa ya kompyuta nikaona nimempata mkosaji. Ilikuwa jioni, saa kumi na moja, na mashine imeandika 11:00 AM, yaani saa tano za asubuhi!

"Hajati! Umefanya nini na hii saa? Kazi yako yote ya leo imeandikwa kuwa ni ya saa nne asubuhi, kabla ya faili la flashi! Imeonekana ya zamani, imefutwa! Nilikwambia ufuate saa ya ukutani!"

Hakupandisha sauti. Alionyesha kidole juu ya rafu, nami kwa mara ya kwanza nikainua macho. Ilikuwa saa kubwa, safi, iliyotunzwa, na mshale wake mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja, si kwenye tano kama wa saa nyingine.

"Saa ngapi sasa?" aliniuliza.

"Saa kumi na moja."

"Na yeye kwa ukuta anasema ngapi?"

"Kumi na moja."

"Banange, jamani! Basi nani hapa ameongopa?"

Mumewe ndiye aliyeitegesha hivyo. Alikuwa akisema watu wanaamka saa moja, si saa saba, kwa nini saa idanganye? Kila nyumba inayosema saa moja jua likitoka inatafsiri kichwani kutwa nzima; nyumba hii ilikataa. Na mimi, ninayesema saa kumi na moja huku simu yangu imeandika kumi na saba, nilikuwa nimemwamuru mwanamke afuate saa ambayo sikuwahi kuitazama. Amefuata neno kwa neno. Kazi yake imefutwa na kaprogramu kangu, na akiba niliizima mimi.

Nikaomba radhi. Hajati alikaa, akauweka mkono wa kulia mapajani, akaufunika na wa kushoto. Ulikuwa unatetemeka vibaya.

"Leo mkono imetumia yote," alisema, kama anamsemea mtoto. "Haiwezi tena."

Nikavuta kiti mbele ya kompyuta. Nikamwambia, "Hajati, niamuru."

Akafumba macho na kuanza. Toka huku, panda, pinda kushoto, pita chini. Si hapo! Unakimbia wapi, nani anakufukuza? Mstari baada ya mstari, bila karatasi, na kila nilipotaka kuongeza langu alinigonga kwenye kifundo cha mkono kwa bisibisi. Tulimaliza kabla ya magharibi. Nikauliza kama kuna maneno angependa yachapwe pembeni ya bodi, maana inawezekana.

"Andika: kichwa ya mimi, mkono ya Mkenya."

Kiswahili sanifu kingesema vingine. Niliandika alivyosema.

Bodi zilikuja kutoka kiwandani mvua zikiwa mlangoni. Nilizilehemu mimi, yeye akisema kwamba ameona kinyesi cha njiwa kilichopangika kuliko lehemu yangu. Tukazifunga kwenye nyumba zote za zamani, na nyingine mpya. Siku ya mvua kubwa nilikuwa Kisugu, simu ikalia. Sikusikia salamu, nilisikia kengele, moja, halafu ya pili ya jirani, halafu nyingi pamoja, na vishindo vya watu wakihamisha vitu. Kisha sauti yake, karibu kabisa na simu.

"Umesikia? Zote!" Alikuwa anahema. "Kale. Sasa mkono ikitaka kutetemeka, itetemeke."