Moshi wa Jiko la Mama

Nakumbuka siku moja ya Krismasi kwetu Uriri, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipopika jogoo mkubwa karibu sawa na ndama, nusura nimle peke yangu. Cheka tu. Hata mbwa walikuwa wakimpisha njia jogoo yule.

Mama yetu alikuwa amefariki karibu miaka miwili kabla ya hapo. Enzi zake, kila mkesha wa Krismasi alikandika jiko lake kwa udongo mwekundu, na sisi watoto wanne tukabandika viganja ukutani kabla haujakauka. Kesho yake alipika kuku kwa mchuzi wa njugu, akagonga chungu kwa mwiko na kumwita baba kwa jina langu: "Baba Okoth, chungu kinakuita!" Baba alikuja akijifanya hana haraka, lakini miguu ilimsaliti.

Mama alipozikwa, mlango wa jiko ukafungwa kwa kamba. Krismasi iliyofuata baba alishinda mtoni na ng'ombe, hakutia kitu kinywani.

Mimi nilikuwa nauza dukani mjini Homa Bay, jioni nasoma ngumbaru, masomo ya watu wazima. Nilirudi na cheti ambacho wino wake haujakauka, nikiamini hakuna kinachoishinda kalamu. Basi nikaandika ratiba ya Krismasi. Saa nne, chai na mkate. Saa sita, jogoo. Saa nane, hotuba. Yangu, bila shaka! Nikapika katika simba yangu, yaani kibanda cha kijana ambaye hajaoa, nikatandika na kitambaa mezani. Ndugu zangu walikaa kama watu wanaongoja kudungwa sindano. Baba akafika mlangoni, akatazama, akachukua fimbo yake akashika njia ya mtoni.

Shangazi Achieng, dada yake baba, aliyaona yote. Sauti yake, upepo ukitulia, ilisikika mpaka Macalder, huko mbali.

"Wewe msomi! Krismasi hii ni ya nani?"

"Ni ile ya mama, shangazi. Nimeifufua."

"Umeifufua simbani? Jiko la mama yako lile pale, limelala baridi, nawe unawasha moto kwako! Baba yako apite mlango wa mkewe uliofungwa, aje kula kwako kama mgeni? Hebu nisomee hilo kwenye karatasi yako."

Nikaikunja ratiba, nikaitia mfukoni. Ukweli ni kwamba niliuogopa ule mlango, mwanangu. Lakini mwiba hutokea pale ulipoingilia.

Tukafungua kamba sote wanne. Viganja vyetu vilikuwa bado ukutani. Atieno, kitinda mimba, akaweka mkono juu ya alama yake. Vidole vyake vikaipita mbali, maana alikuwa amekua. Shangazi akawasha moto, tukahamisha chungu, moshi ukaanza kupenya nyasi za paa. Ndipo Atieno akaokota mwiko wa mama, akagonga mara tatu.

"Baba, chungu kinakuita!"

Tulimwona akipanda kutoka mtoni, mwendo wa mtu asiye na haraka. Miguu ikamsaliti tena.

Aliketi kwenye kigoda chake, akaonja mchuzi.

"Chumvi imezidi," akasema. Akaonja tena. "Mama yenu naye alikuwa hivyo hivyo. Niongezeeni."

Basi sikia, mwanangu. Mzazi akiondoka, usiifufue sikukuu yake kwa vitu vya dukani wala kwa karatasi. Anzia pale alipokuwa akisimama yeye. Kama kuna mlango unaouogopa, ni huohuo. Lakini usiufungue peke yako, maana mkono mmoja haulei mwana. Waite ndugu zako, na mwiko umwachie mwingine ashike. Hotuba yangu ya saa nane bado ninayo, kurasa kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuiomba.

Mungu akijaze chungu chako, mwanangu. Moshi wa kwenu usikatike, na kila urudipo kutoka mbali, uuone kabla hujafika.