Sahani Hairudi Tupu

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipanga matumizi yangu kwa mkasi na sindano. Nilikuwa fundi wa nguo pale Nyamirambo, nikishonea kwenye baraza la duka, na vipande vya vitambaa sikuvikosa. Nikashona vifuko vinne: cha kodi ya nyumba, cha chakula, cha makaa, na cha nne, chekundu, nilichokifunga mdomo kwa mshono wa mara mbili nikaacha tundu la kupenyeza noti tu. Hicho kilikuwa cha cherehani.

Cherehani niliyoitumia haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi mmoja mjane wa mtaa wetu, na theluthi ya kila nilichopata ilikwenda kwake. Miezi miwili kabla ya mfungo akaniambia anaiuza. "Wewe ndiye wa kwanza, mwanangu. Lete pesa kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani. Ukishindwa, kuna mtu wa Kabuga anaitaka." Mtu huyo hakuwa hadithi. Alifika mfungo ulipoanza, akavuta kiti changu bila kuniomba, akakanyaga cherehani ikiwa tupu, akasikiliza.

"Mama, hii mashini iko na nguvu bado?"

Nikamjibu kwamba inakata sindano ovyo. Nilisema uongo huo na saumu yangu, Mungu anisamehe.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Mwezi wa mfungo watu wanashonesha nguo za Idi, kazi inajaa, na mchana hatuli. Nikajiambia kwamba mwezi usio na chakula cha mchana lazima unibakishie kitu. Mjinga mimi! Nyamirambo nzima inajua kwamba mwezi wa kufunga ndio mwezi wa kula, na mimi nimezaliwa hapo hapo.

Siku ya pili, jua likikaribia kuzama, jirani akagonga mlango na sahani ya sambusa. Nikashukuru. Siku ya tatu akaja wa upande wa pili na tambi. Siku ya tano mke wa mwenye duka akaleta chapati. Na kwetu sahani hairudi tupu. Hakuna aliyeliandika hilo, lakini jaribu kurudisha sahani ya mtu imeoshwa tu, uone utakavyosalimiwa kesho yake. Kufikia wiki ya pili nilikuwa na sahani nne za watu juu ya kabati, na kila niliporudisha moja na kitu kizuri, ilinirudia na kitu kizuri zaidi. Nikaanza kuogopa magharibi. Hebu fikiri, mtu ana njaa tangu alfajiri, adhana inakaribia, naye anaomba asigongewe mlango.

Kifuko cha chakula kikaisha. Nikaingia cha makaa. Mwenye nyumba nikamwomba subira. Kile chekundu nilikipapasa tu kwa nje kila asubuhi kabla ya kwenda barazani.

Ningeweza kusema, jamani, mwaka huu sina. Ningeweza kabisa. Mpaka leo nakasirika nikisikia mtu akisema kwamba watu hushindwa na bajeti kwa kutojua hesabu. Hesabu nilijua, kiuno cha mtu nilikipima kwa jicho. Nilichokosa ni uso wa kusema sina.

Kumi la mwisho la mfungo lilipoingia nilikuwa nimepungukiwa kidogo tu. Nguo zilizobaki zingetosha kujaza pengo, ila wenyewe wangelipa mkesha wa Idi, siku chache baada ya ile Ijumaa. Nilihitaji siku hizo tu. Nikawa napanga maneno ya kumwambia bibi, na kabla sijayasema, Jumanne jioni sahani ikaja kutoka kwake: vipande vichache vya boga vilivyopikwa kwa sukari. Chakula cha mjane.

Nikaona mlango umefunguka. Mtu haombi subira kwa mikono mitupu, nikajiambia. Jumatano nikachukua wembe, nikafumua mshono wangu mwenyewe wa kile kifuko chekundu, uzi baada ya uzi. Nikanunua nyama ya mbuzi, mchele mzuri na iliki. Nikapika pilau, nikachagua minofu, nikaijaza sahani yake mpaka kifuniko kikakataa kukaa, nikampelekea mwenyewe.

Akafunua, akatazama kwa muda. "Allah akuzidishie," akasema. Nilitaka kuanza maneno yangu, lakini adhana ikalia na wageni wake wakaingia. Nikarudi nyumbani na furaha. Nilidhani nyama imeshanisemea.

Ijumaa baada ya sala akaja barazani na mtu wa Kabuga. Nilikuwa katikati ya mshono wa kanzu ya mteja. Nikasimama, nikayasema yote kwa pupa: zimepungua kidogo, wateja bado, mkesha wa Idi, siku chache tu, bibi, nakuomba.

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwanangu, nilikuwa na nia ya kukuongezea hata mwezi. Huyu nilishamwambia asije. Nilijua unajibana. Lakini Jumatano umenilisha nyama ambayo mimi sijaipika tangu mume wangu afe. Nikasema, huyu pesa anazo, hataki tu kunipa. Au hana, basi hata nikimngoja mwezi hazitafika. Nikamwita huyu tena. Sasa ningoje nini?"

Yule mtu akaweka mkono wake juu ya cherehani. Nikamwomba jambo moja tu, aniache nimalize upande ule wa kanzu. Akakubali, akasimama nyuma yangu. Nikashona polepole kuliko nilivyowahi kushona maishani, mpaka kitambaa kikaisha, kisha nikakata uzi nikampisha.