Bei ya Kuanzia

Wiki ile ya mwisho wa Desemba 2014, Nesta hakai akatulia. Anaketi mbele ya kompyuta kwenye steshenari yake pale Tunduma, anaangalia idadi ya walionunua, sifuri. Anatoka nje, anarudi, sifuri ileile. Watu mia tatu wamefungua ukurasa na hakuna hata mmoja aliyenunua. Jamani, mia tatu!

Ukurasa aliutengeneza mwenyewe. Vijana wanne wa Mbeya walikuwa wametoa programu zao bure: ya kutunza stoo ya duka, ya kujifunza kuchapa, na mbili za kujipima mitihani. Zinauzwa zote kwa pamoja mtandaoni, na kila shilingi inakwenda kuezeka bweni la wasichana la sekondari moja huko Chitete. Mauzo yanafungwa Jumapili. Mdogo wake, Erica, anasoma hapo. Mwaka mzima alikuwa amepanga chumba mtaani na wenzake wawili, na mmoja amerudi kwao mjamzito. Mama yao, Loisi, muuza vitenge mpakani, alishasema: bila bweni, Erica haendi tena Chitete, atakaa kibandani auze.

Alhamisi Joshua, mmoja wa wale vijana, akapiga simu.

“Dada Nesta, elfu themanini ni bei gani hiyo? Si tulikubaliana arobaini?”

“Hiyo ni ya kuanzia. Nimeandika hapo chini, bei maelewano.”

“Waelewane na nani, dada? Na kompyuta?”

Nesta akakata simu kwa hasira. Hasira za nini, na kosa ni lake? Lakini mtu aliyekulia kwenye kibanda cha vitenge angejuaje? Tunduma ukimtajia mteja bei ya mwisho kwanza, anakuona una dharau. Mzambia, Mnyiha, Mnyamwanga, wote lazima wapunguziwe ndipo waondoke wameridhika. Akawaza wee, mpaka chai ikapoa, kisha akaanza upya.

Akaweka kisanduku: taja bei yako. Ukitaja elfu kumi, ukurasa unajibu, “Hee! Hata nauli hairudi. Ongeza.” Ukitaja thelathini, “Tunakaribia, ongeza kidogo tu.” Ukifika arobaini, “Haya chukua, kwa sababu ni wewe.”

Ijumaa watu wakaanza kutumiana ukurasa huo kwenye simu. Wanacheka, wanabishana na ukurasa, wananunua. Jumapili mchana pesa ya bweni ilikuwa imebakiza mabati machache tu kutimia, na Nesta anauma kucha, maana mama bado hajasema kama Erica atarudi Chitete.

Loisi akaingia akitoka kanisani. “Nasikia una mashine inayobishana. Nionyeshe.”

Akaandika elfu tano. Alipojibiwa akasonya, akaandika saba. Nusu saa nzima mama anagombana na kioo, anakiita mwizi, na Nesta anaogopa hata kucheka. Mwishowe yakatokea yale maneno: “Haya chukua, kwa sababu ni wewe.” Loisi akatoa simu, akalipa.

“Mama, hizo programu utazifanyia nini? Kompyuta yenyewe huna.”

“Nimeuliza habari za programu mimi?” Loisi akajifunga kitenge upya. “Lile godoro alilorudi nalo Erica kutoka Chitete mmeliweka wapi? Litoeni lianikwe, lina harufu.”