Maji ya Rubona Ndani ya Rejeta

Magoti ya mama mkwe wangu yaligoma katikati ya palizi. Anaishi Kanzenze, analima viazi, na viazi havisubiri goti la mtu. Dawa pekee aliyoiamini ilikuwa amashyuza, zile chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa kule Rubona. Akilowesha miguu Jumamosi, Jumatatu anainama shambani kama msichana. Akikosa, anakaa mlangoni na kutazama majani yakimeza viazi vyake. Na basi dogo alikuwa amelikataa kabisa. Goti lake halikunjiki, alisema, na yeye si kiti cha kukunja.

Ndipo siku moja, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, nikasimama na fanta mkononi nikatangaza: "Mama, kuanzia wiki hii mi mwenyewe nitakupeleka. Na gari."

Watu walipiga makofi mpaka mabati yakatikisika. Mke wangu hakupiga. Yeye alikuwa anaijua hiyo gari.

Ilikuwa gari ndogo ya Kijapani, ya zamani kiasi kwamba ingekuwa mtu ingekuwa na wajukuu na ingetembea na fimbo. Mlango wa dereva ulifunguka kutoka nje tu, kwa hiyo nilitoka kwa kupenyeza mkono dirishani kama mwizi anayejiibia mwenyewe. Nilikuwa nimeitengeneza kwa mikono yangu. Mimi ni fundi cherehani, na masomo ya jioni nimeyamaliza: mchana nilishona, jioni nilisoma uongozi wa biashara, na siku ya kuhitimu nilivaa joho nililopindia upindo mwenyewe. Mtu aliyefaulu hesabu za takwimu huku anasinzia, nilijiambia, atashindwa na bolti?

Viti nilivivika kitambaa kizuri cha pazia chenye maua mekundu, mishono miwili miwili. Mpaka leo hakuna uzi uliokatika. Redio niliifunga, ikaimba. Lakini kila kilichokaa chini ya boneti kilinichukia. Feni ya kupoza injini ilikataa kuwaka yenyewe, nikaivutia waya mpaka kwenye swichi ya taa ya chumbani, nikaigundisha pembeni ya usukani. Ukitaka feni, unawasha kama unaingia sebuleni. Rejeta nayo, lile sanduku bapa la chuma linalopoza maji ya injini, ilikuwa inavuja pembeni. Nikaipaka gundi ya chuma, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa na uvimbe kama nundu ya ng'ombe.

Jumamosi ya kwanza tulifika Rubona, lakini mshale wa joto ulikuwa umesimama wima kama askari. Mama mkwe akashuka na beseni lake, akaenda kukaa na wenzake kwenye mawe, miguu ndani ya maji. Mimi nikafungua boneti. Nikahitaji maji, na maji gani yalikuwa karibu?

Hapo ndipo akili yangu yote ya masomo ya jioni ilipokusanyika mahali pamoja ikanidanganya. Maji haya, nilifikiri, tayari yamezoea moto, injini haitayashtua. Halafu ni dawa. Watu wanatoka mbali kuja kulainisha mifupa. Kama yanalegeza goti la mama mkwe, yatashindwaje na chuma?

Kaka wa mke wangu, ambaye anashughulika na injini za maboti pale bandarini, alikuja na mikono yake yenye girisi kunisalimia. Nikamweleza.

"Bon," alisema, akikuna kidevu. "Mbona ni sawa? Moteri ya boti inakunywa ziwa lote na hailalamiki."

"Lakini haya ni ya moto."

"Si ndiyo muzuri, shemeji? Inakunywa chai."

Nikajaza jerikani nikaimiminia gari. Na naapa, siku ile tulipanda mlima wa kurudi mjini bila mshale kutikisika. Mama mkwe akasinzia juu ya maua yangu mekundu. Nilijiona nimegundua kitu ambacho Wajapani wenyewe hawajakijua, na nikapanga hata namna nitakavyowaeleza.

Baada ya hapo ikawa desturi. Yeye analowesha magoti, mimi nalowesha injini. Ila raha ile haikudumu. Jumamosi moja mshale ukaanza tena kupanda. Nikabadilisha mfuniko wa rejeta. Ukapanda. Nikabadilisha mpira wa juu wa kupitisha maji, nikakwaruza vidole vyote, hata vile ambavyo sikuvitumia. Ukapanda. Jirani akaniambia nitoe themostati, kile kidude cha kuzuia maji mpaka injini ipate moto, kwa sababu nchi yetu ina baridi ya kutosha. Nikakitoa nikakitupa kwenye kopo la vifungo. Mshale ukapanda kwa furaha zaidi. Na kila gari ilipopata homa, mimi niliiongezea dozi ya maji yale yale. Nyumbani nilikuwa na majerikani mengi ya maji ya Rubona kuliko ya maji ya kunywa.

"Baba watoto," mke wangu aliniuliza, amesimama mlangoni huku mimi niko chini ya gari, miguu tu ikionekana, "hiyo voiture unaitengeneza ama unaizika?"

"Iko karibu kupona."

"Na Mama unamupeleka nayo kesho?"

"Nimeahidi."

"Uliahidi mbele ya watu," alisema. "Gari haikuahidi."

Kesho yake kwenda kulikuwa salama, maana njia ya kuingia Rubona inateremka na hata jiwe lingefika. Kurudi ndiko kulikokuwa na neno. Tulikuwa bado hatujafika nusu ya mlima nilipowasha swichi ya feni, nikaizima, nikaiwasha, kama mtu anayetafuta mbu chumbani. Kisha mvuke ukatoka. Sisemi moshi kidogo. Mvuke ule ungeivisha maharage ya wilaya yetu nzima ya Rubavu na kubaki wa kupikia Goma, ng'ambo ya mpaka. Nikasimama. Nyuma yetu lori la bia likasimama pia, kwa hasira, na dereva wake akatoa kichwa.

"Eh, muzee! Unachoma mahindi? Niwekee ka moja!"

Nikapenyeza mkono dirishani, mlango ukakataa. Nikapita upande wa mama mkwe, nikimruka kwa heshima zote zinazowezekana kwa mkwe wa kiume anayemruka mama mkwe.

"Mukwe, tumefika?"

"Bado, Mama. Inapumua kidogo."

"Inapumua tangu kule chini. Hii iko na pumu."

Injini ilipotulia nililegeza mpira wa rejeta. Kilichotoka hakikuwa maji. Vilitoka vigamba vyeupe, vigumu, kama maganda ya mayai, vikafuatwa na uji mzito kama chokaa ya kupaka ukuta. Nikaingiza bisibisi, ndani kote kulikuwa kumeganda kama birika la chai lisilosuguliwa tangu lilipotoka dukani. Wiki zote zile dawa yangu ilikuwa inaijengea rejeta ukuta. Nikaipiga gari teke. Gari haikusikia, kidole changu kilisikia. Nikasema maneno ambayo mbele ya mama mkwe hayasemwi, nikamalizia na "yebaba wee" ili yafanane na sala.

Alipogeuka kunitazama nilijua kinachoningoja. Kwamba amechoka nami. Kwamba hatakuja tena, atarudi kukaa mlangoni pake, na ukoo wote utajua sababu ni mimi.

"Leta beseni," alisema.

Akashuka, akafunga kitenge vizuri, akaanza kupanda mlima. Kwa miguu. Kwanza polepole, mkono mmoja kiunoni, halafu si polepole tena. Nilimfuata na beseni kichwani na taulo shingoni, nikichechemea kwa kidole changu, na yule wa lori alitupita akipiga honi mpaka kona. Juu mlimani mama mkwe alikaa kwenye jiwe kunisubiri.

"We unahema kama gari yako."

"Mama, nisamehe. Nitaitengeneza. Wiki ijayo..."

"Wiki ijayo unilete. Na gari ama na nini, hiyo ni kazi yako. Lakini maji yangu uyaache. Usiyape gari."

Gari ilivutwa kwa kamba mpaka nyumbani, nami nikakamua ndimu za soko zima kuyeyusha ile chokaa. Mikono ilinichoma, nyumba ikanuka kachumbari, mke wangu akakosa ndimu ya kukamulia sambaza, vile visamaki vya ziwani, akanuna. Jumamosi asubuhi niliwasha injini uani. Mshale ukapanda kabla hata sijafungua geti. Nikazima.

Nilienda Kanzenze kwa lile lile basi dogo alilolikataa. Wakati wa kurudi naye tukielekea Rubona, nilimbembeleza dereva mpaka akamhamisha abiria wa kiti cha mbele, kile ambapo mtu ananyoosha miguu. Mama mkwe alikitazama kiti, akanitazama mimi. Nilidhani atageuka kurudi nyumbani. Akapanda, akanyoosha goti moja, kisha la pili, akaegemea.

"Huyu pale nyuma ni mukwe wangu," akamwambia dereva kwa sauti ya kutosha basi zima. "Yeye iko na gari yake."

Abiria wote waligeuka. Niliinama nikajifanya natafuta kitu nilichoangusha.