Mdogo Wangu Alivyoandamwa kwa Kumuua Malkia

Mteja wangu aliondoka saluni akiwa amesukwa nusu kichwa.

Upande mmoja mistari imelala safi, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jini. Akajifunga kitambaa, akachukua mkoba wake, akageuka mlangoni.

"Kumbe wewe ni dada yake yule muuaji? Nitamalizia kwingine."

Msinicheke. Mimi ni msusi, saluni yangu ina viti vitatu na kioo kimoja chenye ufa. Na huyo muuaji ni mdogo wangu, anayenifuata kwa kuzaliwa. Hajawahi kuchinja hata kuku.

Kosa lake ni kuandika kitabu.

Vitabu vitatu, kusema kweli. Hadithi ndefu ya Malkia wa Ngome ya Chumvi, mjane anayepigana na majoka na wachawi huku analea watoto wake wawili. Cha kwanza watu walikipenda. Cha pili wakakigombania.

Cha tatu kilipotoka, kikanuka!

Malkia anakufa. Tena hafi vitani. Anaumwa. Mganga wa ngome anawatajia wanawe ugonjwa wenyewe, wao wanaenda kumwambia mama yao, "Ni uchovu tu, pumzika." Anapumzika. Anakohoa. Anakufa hajui kinachomuua. Unafunua ukurasa, hamna kitu. Mwisho.

Mimi mwenyewe, dada mtu, nilikirusha ukutani.

Mtandaoni ndiyo usiseme.

"Kashinda majoka, anakuja kuuawa na kikohozi? Mwandishi atuheshimu!"

"Miaka yote hii nasubiri, kumbe nilikuwa nasubiri msiba."

"Huyu asikanyage mtaa wetu."

Mwingine alipiga picha meza yake inayoyumba, kitabu amekiweka chini ya mguu mmoja. Akaandika, "Angalau kimepata kazi."

Mdogo wangu akahamia chumba cha nyuma cha saluni, pale ninapoweka mafuta na taulo. Kwake watu walikuwa wanagonga mlango ili wamseme uso kwa uso. Siku nzima amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anasoma matusi. Cha ajabu, matusi hayakumtisha. Mengine yalimchekesha.

Aliyemtoa jasho ni msomaji mmoja aliyejiita Miwani Mbili.

Huyo hakutukana. Kila akiingia, swali lile lile:

"Mwandishi, kwa nini wale watoto walimficha mama yao?"

Akilisoma hilo tu, mdogo wangu anazima simu na kushika kichwa.

"Mjibu basi," nikamwambia. "Wanaokutukana unacheka nao, huyu anayeuliza kistaarabu ndiye unamkimbia?"

"Dada, niache."

Baadaye nikamwona anamzuia Miwani Mbili asiandike tena kwenye ukurasa wake. Nikajisemea, hapa kuna jambo.

Jumapili nikaenda kumsuka mama.

Mama alistaafu kazi ya posta. Tangu baba afariki anaishi peke yake, na ukimpa pole isiyo na sababu anakufukuza. Siku hizo alikuwa amekonda sana. Mdogo wangu ndiye aliyempeleka hospitali, akarudi na jibu kwamba ni vidonda vya tumbo. Nikaamini.

Nimeshamgawa nywele, akanipitishia simu juu ya bega.

"Hebu nitazamie. Hiki kidude kinanikatalia kuandika."

Nikatazama. Chanuo likanidondoka.

Jina lililokuwa pale juu ni Miwani Mbili.

"Mama! Ni wewe?"

"Ni mimi. Kwani mimi sijui kusoma?"

"Si ungempigia simu tu? Ni mwanao!"

"Nimempigia sana. Nikimuuliza, ananiambia nipumzike."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Yule malkia ni mimi, mwanangu. Anavyogombeza, ni mimi. Anavyogeukia ukutani maumivu yakimshika, ili watoto wasimwone, ni mimi. Sasa kama ni mimi, mganga alisema nini?"

Nikampigia mdogo wangu. "Njoo kwa mama. Sasa hivi."

Alipofika na kuona lile jina kwenye simu, alikaa sakafuni.

"Mama, mimi nilitaka..."

"Sijauliza ulitaka nini. Mganga alisema nini?"

Akasema.

Saratani. Daktari alishauri mama apasuliwe mapema, ila akaonya kuwa kwa umri wake hata kisu chenyewe ni hatari. Mdogo wangu akaogopa kuchagua. Akaomba muda, akatudanganya sote. Kitabu kilikuwa kimebaki sura za mwisho, na siri ikawa imemjaa. Akaitapikia humo.

Mkono uliniwasha nimzabe kibao. Mama akanituliza kwa jicho.

"Wasomaji wako wanalia kwamba umemuua malkia," akamwambia, taratibu kabisa. "Mimi hilo halikunisumbua. Nani hafi? Lakini yule mwanamke amepigana vitabu viwili, halafu vita yake ya mwisho mnampokonya. Angeambiwa, angeamua mwenyewe, apigane au apumzike. Nyinyi ni nani mkamwamulia?"

Mdogo wangu alilia kama siku tuliyomzika baba.

Kesho yake tukawa mbele ya daktari. Daktari akaanza kueleza huku anamtazama mdogo wangu. Mama akagonga meza.

"Mgonjwa ni mimi. Nyinyi wawili, nje."

Tukasimama kwenye korido, watu wazima na ndevu zetu na mawigi yetu, tunatega sikio mlangoni. Hatukusikia kitu.

Akatoka amejinyoosha.

"Nimekubali kupasuliwa. Mkitaka kujua mengine, niulizeni. Mimi sifichi."

Alipasuliwa, akaamka. Ugonjwa haujaisha wote, na anajua umebaki kiasi gani, kwa sababu safari hii yeye ndiye anayetuletea sisi habari. Kuna siku zinakuwa nzuri, anaenda sokoni mwenyewe na kugombana na muuza nyanya. Kuna siku haamki, na anatuambia wazi, "Leo nimezidiwa, kaeni hapa karibu."

Tunakaa.

Ndugu yangu unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, na nyinyi mnanong'onezana jikoni akipita mnabadilisha maneno, jueni ameshawasikia. Mnachomfanyia ni kumwacha aogope peke yake.

Ingieni chumbani. Vuteni kiti. Mwambieni.